Gofu kwenye chai ya Mufindi: hela yangu ilikuwa halali ya kedi

Nianze na baridi, maana ndiyo ilinipokea. Ukitoka Iringa ni kama kilomita 80 hadi Mafinga, halafu unaiacha barabara kuu na kuzama kwenye chai. Gesti niliyolala Mafinga (siitaji) waliniapia kwenye simu kwamba maji ya moto yapo. Asubuhi niliogea ndoo ya barafu. Beba sweta, na usiwaamini.

Uwanja una mashimo 9, kwa hiyo ukitaka 18 unazunguka mara mbili. Chai imeuzunguka, na mpira ukiingia kwenye chai usahau. Nilikwenda na mipira sita, nikarudi na mmoja.

Kilichonifanya niandike ni kedi, yaani mbeba fimbo wangu. Kijana alinisalimia "Kamwene," akaiangalia fimbo niliyoshika, akanipa nyingine bila neno. Ukungu ulikuwa umeifunika bendera. Akaninyooshea mti: "Piga pale, Mwalimu." Nikapiga pale. Tulipofika, mpira ulikuwa umekaa kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Anausoma uwanja ule kama njia ya kwao.

Tulicheza wawili kwa wawili, mimi na mwenzangu dhidi ya jamaa wa Makambako, mtindo mmojawapo wa Ryder Cup, yale mashindano ya Marekani na Ulaya: kila timu mpira mmoja, mnapokezana kupiga. Usiucheze na mtu unayemdai. Ukiutupa porini, yeye ndiye anayekwenda kuutoa.

Njiani nikamsimulia kedi habari za The Country Club, klabu kongwe ya Brookline kule Marekani. Mwaka 1913, Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyekuwa kedi palepale na kwao ni ng'ambo tu ya barabara, aliwashinda Waingereza Harry Vardon na Ted Ray akatwaa US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani. Begi lake alilibeba Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Kedi wangu akasimama. "Huyo mtoto alilipwa ngapi?"

Shimo la 17 tulikuwa nyuma kwa shimo moja. Jamaa wa Makambako akausukuma mpira kutoka mbali kabisa, ukazama. Wakaanza kurukaruka juu ya grini, nami zamu yangu bado! Wamarekani walifanya vilevile kwenye Ryder Cup ya Brookline mwaka 1999, shimo la 17 pia: Justin Leonard alizamisha mpira wa mita kama 14, wenzake wakavamia grini wakati mpinzani wake wa Ulaya, José María Olazábal, hajasukuma wake. Olazábal alikosa.

Kedi akachuchumaa, akaniambia nilenge kushoto, upana wa kiganja. Nililenga katikati.

Tukafungwa kwa mashimo mawili, limebaki moja tu la kucheza. Kedi hakunilaumu. Alifuta fimbo zangu moja moja, akauliza kama nitarudi kabla ya mvua. Nimempa namba yangu.