Kasri la Mysore linastahili kutazamwa mchana

Wageni wengi wanaofika Mysore, kusini mwa India, huhimizwa kuliona kasri la ukoo wa kifalme wa Wadiyar jioni ya Jumapili au ya sikukuu, wakati maelfu ya taa zake yanapowashwa. Mwanga huo unapendeza kwelikweli, lakini anayeishia hapo hajaliona kasri, kwa kuwa ufundi wenyewe umo ndani, na ndani huingiwa mchana, viatu vikiachwa nje.

Kasri lililotangulia lilikuwa la mbao, nalo liliteketea mwaka 1897 wakati wa harusi ya binti wa mfalme. Maharani (yaani malkia) Kempananjammanni, aliyekuwa akishika madaraka kwa niaba ya mwanawe Krishnaraja Wadiyar wa Nne, alimkabidhi msanifu Mwingereza Henry Irwin kazi ya kujenga upya, na jengo likakamilika mwaka 1912. Ajuaye mkasa huo haoni ajabu kwamba safari hii mawe na chuma vilichukua nafasi ya mbao.

Nje, kuta za matale ya kijivu zimebeba kuba za rangi ya waridi, na matao ya Kiislamu yamekaa pamoja na nakshi za Kihindu bila kugombana. Hata hivyo, ningependa msomaji atenge muda mrefu zaidi kwa ukumbi wa harusi, Kalyana Mantapa. Ukumbi huu una pembe nane. Nguzo zake nyembamba za chuma cha kusubu zilitoka Glasgow, Scotland, na juu yake kuna kuba ya vioo vya rangi yenye picha za tausi. Jua likipenya humo, rangi hizo humwagika hadi sakafuni. Ukutani imechorwa misafara ya sherehe za Dasara, sikukuu ya Kihindu ya kila mwaka, na inafaa kuzifuata picha hizo moja baada ya nyingine, kwani zinaonyesha ndovu, askari na watu wa mji jinsi walivyovaa enzi hizo.

Ukumbi wa Ambavilasa, ambamo mfalme alipokea wageni wake wa faragha, una milango iliyotiwa njumu za pembe za ndovu, kazi inayodai kusogelewa. Vipande vya kiti cha enzi cha dhahabu huunganishwa kwa ajili ya Dasara tu, kwa hiyo anayekitamani na apange safari yake mwezi Septemba au Oktoba, akiwa tayari kukuta umati mkubwa.