Mdoli wa mieleka wa nyumbani: shika shingo kwanza, bei baadaye

Mdoli wangu wa kwanza wa mazoezi, ule wa umbo la mtu wa kukaba na kuangusha, ulikaa na shingo siku tisa. Siku ya kumi nikaupiga kabali, nikavuta kama ninavyovuta siku zote, kichwa kikaangukia mgongoni kama kuku aliyechinjwa. Laki tatu na nusu hiyo. Jirani yangu hapa Tabata alikuwa anapita dirishani, akaniuliza: "Mama Nasra, yule mgeni wako leo anaumwa?"

Anayecheza judo au jujitsu Dar anaijua shida yetu. Mkeka wa klabu unaupata mara mbili kwa wiki, foleni ikikukamata Buguruni umekosa zoezi, na nyumbani hakuna wa kumwangusha. Mume wangu alikubali mara moja tu. Ndipo mtu anapofikiria mdoli.

Wauzaji watakuimbia urefu, kilo, rangi na zipu. Hayo utayaona mwenyewe. Mimi nataka uulize shingo. Ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo tunayoifanyia kazi kuliko zote: kabali, roba, kukamata kola, hata ukimkalia mtu kifuani mkono mmoja uko nyuma ya shingo yake. Sasa ule wangu, kichwa kilishonwa peke yake kikaungwa kwenye kiwiliwili kwa mshono mmoja wa kuzunguka. Ukijaza, vitambaa vya kichwani vinabaki kichwani, vya kifuani vinabaki kifuani, katikati panabaki mfuko mtupu unaokunjika. Na hasara si pesa tu. Shingo tupu inakufundisha uongo: mkono unazama wenyewe, unaona kabali yako imeiva, halafu siku unakutana na mwenye shingo kama ya mbeba mizigo wa Kariakoo, unabaki kumkumbatia.

Kwa hiyo pima hivi. Nyanyua mdoli kwa kichwa, mikono miwili, kiwiliwili kining'inie, utikise mara tatu. Kisha bana koo kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikikaribia kukutana, achana nao. Na muuzaji akikuambia "dada, usiuvute hivyo utachanika", ameshakujibu.

Namba moja kwangu ni Suples, wala sitajifanya sina upande. Ni kampuni ya Ivan Ivanov, mwanamieleka wa Bulgaria, yule aliyebuni mwaka 2005 ule mfuko wa mazoezi wenye umbo la mwezi mwandamo unaozungushwa mabegani. Midoli yake imeshonwa na mtu anayejua kwamba itatupwa. Niliushika mmoja kwa rafiki aliyerudi nao kutoka Ulaya. Nilibana koo, kidole kikagonga kitu kigumu kama godoro lililosokotwa, nikautupa jioni nzima kichwa kikabaki mahali pake. Wapo wenye miguu na wasio nayo. Wa judo chukua wenye miguu, la sivyo ngwala utaipiga hewani.

Tatizo ni kuufikisha hapa. Mizigo ya ndege hailipiwi kilo tu, hulipiwa na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6000. Boksi la 170 kwa 45 kwa 30 linahesabiwa kilo 38 na ushee, hata kama ndani kuna kilo 20. Kwa meli ni kama robo ya mita moja ya ujazo, nafuu kubwa, ila usubiri. Halafu kuna ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Nimeshapiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka mume wangu ajue.

Namba mbili, fundi wa sofa wa Keko. Msicheke. Ndiye aliyenishonea ninaotumia sasa, kwa leksini nzito na uzi wa kushonea mabegi, mshono mara mbili, kwa bei isiyofika nusu ya niliyotapeliwa. Siri iko kwenye uti: chukua kipande cha sponji ya godoro, kisokote kigumu, kifunge na mpira wa baiskeli uliokatwa utepe, uvute mpaka utepe ulie. Uti huo uanzie utosini, upite shingoni, uishie kiunoni bila kuungwa popote. Mwili mwingine jaza makapi ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Wengi watakupa bure.

Usijaze mchanga. Mwili wa mtu wa kilo 70 una ujazo wa karibu lita 70, na lita moja ya mchanga mkavu ina kilo moja na nusu hivi. Utakuwa umejitengenezea mtu wa kilo mia na zaidi, asiyenyanyuka. Maranda nayo yanavuta unyevu, na kwa joto hili letu la pwani, kufikia masika chumba kitanuka kama banda.

Namba tatu ni ule wa kupiga magoti, mikono na miguu imekunjwa, kama Submission Master. Kwa jujitsu ya chini unafaa, unaulaza chali miguu ikiwa juu. Kwa kuangusha haufai.

Magamba matupu ya bei rahisi, yaani ngozi ya mdoli tu ujaze mwenyewe, ni ya mwisho, na ndiyo yaliyojaa mtandaoni. Sina zaidi ya kusema.

Ila wauzaji nina la kuwaambia. Picha mdoli umejaa kifua mpaka unatisha. Mzigo ukifika ni ganda lililokunjwa ndani ya mfuko wa salfeti. Ukiuliza bei, "njoo inbox." Bei ni siri ya serikali? Nilipomtumia muuzaji wangu video ya kichwa kinachoning'inia, alinijibu, "Dada, ulivuta sana." Mdoli wa mieleka! Kisha akaniblok. Juzi nimeona picha ileile kwa simu ya mdogo wangu, kifua kimejaa, shingo nene, na bei kwa mara ya kwanza ameiandika wazi: laki nne na ishirini.