Kipima cheche cha taa: uzoefu wangu na pikipiki iliyokuwa ikimisi njiani tu

Ubovu unaokuja na kuondoka unachosha kuliko ule wa kudumu. Pikipiki isiyowaka kabisa humpa fundi kazi nyepesi, maana kila anachokigusa kinamjibu hapo hapo. Yangu ilikuwa inawaka kwa kiki moja asubuhi, inakaa sailensa vizuri (yaani inanguruma taratibu bila kupewa mafuta), inavuta. Baada ya kama dakika 20 za mwendo, hasa nikipanda mlima kwa gia ya nne, inaanza kumisi, yaani kukata: inashika, inaachia, inashika tena, kama vile kuna mtu anacheza na swichi. Nikiegesha ikapoa, inakuwa nzima. Nikifika kwa fundi imeshapoa, na hakuna anachokisikia.

Nilikaa na hali hiyo miezi miwili. Plagi ilibadilishwa mara mbili. Kabureta ilifunguliwa, ikasafishwa, jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zikapulizwa. Halafu ikaonekana huenda ni CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamua cheche itoke lini. Nikanunua mpya, na siku tatu zikapita bila misi hata moja. Siku ya nne ikarudi vilevile. Fundi simlaumu. Ubovu usiojitokeza mbele ya macho yake, atafanya nini zaidi ya kubadilisha spea moja baada ya nyingine? Lakini spea hizo nalipa mimi, na nilishachoka. Ndipo nikanunua kipima cheche cha taa, kile kinachovaliwa katikati ya plagi na kofia yake. Nimekaa nacho muda wa kutosha sasa kukisemea.

Ni kitu kidogo sana. Kipande cha waya wenye mpira mnene, upande mmoja una kofia inayovaa juu ya plagi, upande wa pili una kichwa mfano wa kichwa cha plagi, ambacho kofia ya pikipiki inakivaa. Katikati kuna taa ndogo ndani ya plastiki angavu. Umeme mkubwa wa koili (kifaa kinachoukuza umeme wa cheche) unapita humo ukielekea kwenye plagi, na kila unapopita taa inamweka. Hakina betri wala swichi.

Kwa nini nisitumie njia tuliyoizoea, ya kutoa plagi, kuilaza kwenye kichwa cha injini, kupiga kiki na kuangalia cheche? Nilishaitumia mara nyingi na kila mara cheche ilikuwepo. Shida ni kwamba pale nje plagi iko kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda, pistoni imeshaibana hewa ile, na hewa iliyobanwa inataka volti nyingi zaidi ili cheche iruke uwazi uleule. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Yamaha hupima koili kwa uwazi wa milimita 6 kwenye hewa ya nje, wakati uwazi wa plagi nyingi za pikipiki ni kama milimita 0.6 hadi 0.8 tu. Koili au kofia iliyochoka inaweza kukuonyesha cheche nzuri mkononi, halafu ikashindwa injini inapobeba mzigo mlimani. Na zaidi ya yote, njia hiyo inapima injini ikiwa baridi na imesimama, wakati ubovu wangu ulitaka injini ya moto inayovuta.

Kabla ya kufika mlimani nilikwama kwenye jambo ambalo sikulisoma popote. Vipima vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa kufikiria magari. Kichwa chake ni kile kinene, chenye umbo la kijinati. Kofia nyingi za pikipiki zinashika kwenye ule msumari mwembamba wenye nyuzi, baada ya kukifungua kijinati cha plagi na kukiweka pembeni. Kwa hiyo kofia yangu haikuingia kwenye kipima, na kipima hakikubana kwenye plagi. Bahati nzuri kijinati cha kipima nacho kilikuwa kinafunguka kwa koleo, na chini yake kulikuwa na nyuzi zilezile. Kile cha plagi nilikuwa nimekitunza kwenye boksi la spana, nikakirudishia. Ukienda kununua, beba plagi yako na ujaribu pande zote mbili kabla ya kulipa. Na chukua chenye waya unaokunjika. Kile kilichonyooka kama fimbo kitagonga tangi.

Kwenye sailensa taa ilimweka bila kukatika. Injini nyingi za silinda moja zinatoa cheche kila mzunguko, hata ule wa kutoa moshi, kwa hiyo kwa mizunguko 1500 kwa dakika ni cheche 25 kila sekunde. Jicho haliwezi kuzihesabu. Mchana taa yenyewe huioni vizuri. Hilo ni kasoro kubwa ya kifaa hiki, na waliokisifia hawaitaji. Nilikata kipande cha mpira wa tairi la ndani, nikakizungushia taa kama kibanda, nikaacha tundu upande mmoja.

Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo lililoimaliza kesi. Niliibandika taa pembeni ya tangi kwa utepe, nikafunga simu juu yake kwa mipira, kamera ikichungulia kwenye lile tundu, nikaiweka irekodi kwa ule mwendo wa picha 240 kwa sekunde. Macho yangu yakabaki barabarani, kazi ya kutazama ikawa ya simu. Nikaondoka jioni kwenye njia isiyo na magari, nikaizungusha pikipiki hadi ikachemka, kisha nikaupanda mlima. Ikamisi. Nikaupanda tena, ikamisi tena.

Nyumbani niliirudisha video polepole. Taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, kwa mpangilio kama wa saa. Halafu giza. Mweko mmoja haupo, wa pili haupo, wa tatu unakuja hafifu, wa nne haupo, kisha mpangilio unarudi. Na sauti ya injini kwenye video inaanguka pale pale. Nilirudia kile kipande mara nyingi sana. Miezi miwili nilikuwa nafungua kabureta, na kumbe petroli haikuwa na kosa lolote. Moto ndio uliokuwa haufiki.

Hapo ndipo kazi ya kipima inapoishia. Kinakwambia upande, hakikwambii kifaa. Taa ikizima, shida iko nyuma yake: kofia ya plagi, waya mkubwa, koili, CDI, pulsa koili (inayoiambia CDI injini imefika wapi), ethi (waya wa umeme kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki), au swichi ya kuzimia injini. Nilianzia karibu kwa sababu ndiyo rahisi. Kofia ya plagi inafunguka kwenye waya kwa kuizungusha, kama skrubu. Ndani yake kofia nyingi zina rizista, kipande kinachozuia umeme kiasi, ya omu 5,000. Yangu ilipima karibu na hapo ikiwa baridi, na kama ningeishia hapo ningeiacha na kwenda kununua koili.

Nilichukua kikaushia nywele nikaipasha huku mita ikiwa imeunganishwa. Dakika chache namba haikusogea. Kisha ikapanda hadi 9,000, ikaruka 30,000, ikashuka, na mwisho mita ikaandika OL, yaani hakuna njia kabisa. Nikaiacha ipoe mezani. Ikarudi 5,000. Ubovu niliokuwa nao barabarani ulikuwa umelala mbele yangu juu ya meza, unakuja na kuondoka kwa joto vilevile. Ncha ya waya nayo, pale kofia inapojisokota, ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye nyuzi za shaba. Nikakata kama nusu sentimita hadi nikapata shaba inayong'aa, nikasokota kofia mpya. Mlima uleule, joto lilelile, haijamisi tena.

Sasa kasoro, maana nataka anayenunua azijue. Kipima hiki kinaweza kukudanganya kwa namna mbili. Plagi iliyojaa masizi inaweza kuupitisha umeme kwenye masizi hadi kwenye bodi bila cheche yoyote kuruka, na taa ikaendelea kumweka kwa sababu umeme bado unapita. Kwa hiyo taa inayowaka haithibitishi kwamba ndani kuna moto. Weka plagi nzima na safi kwanza ndipo upime. Ya pili, kipima chenyewe kikilegea kwa mtikisiko kinaleta misi zake. Mimi nilikizungusha kwanza na injini ya uvuguvugu kwenye barabara mbovu, nikaona taa haikatiki, ndipo nikakiamini. Ung'avu wa taa nao usiupe uzito. Angalia mpangilio tu.

Tahadhari ni mbili. Usikiguse wala kukisogeza injini ikiwa inawaka, volti za pale ni maelfu kwa maelfu. Na usipige kiki huku waya wa plagi ukining'inia hewani bila plagi iliyogusa bodi, maana umeme ukikosa njia unaweza kuipasua koili au CDI kwa ndani. Mvua haikifai kabisa, na si kitu cha kukiacha kwenye pikipiki baada ya kupima.

Baadaye jirani yangu alikuja na pikipiki yake ikiwa na dalili zilizofanana na zangu: inakwenda, inaanza kukata, akisimama kidogo inapona. Tayari alikuwa anawaza koili. Tulifunga kipima, tukaweka simu, akazunguka. Video yake ilikuwa tofauti kabisa. Injini inakohoa na kufa, lakini taa inamweka hadi mzunguko wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Moto upo, basi tukahamia kwenye petroli. Nikamwambia azunguke tena, na safari hii ikianza kukata afungue kifuniko cha tangi hapo hapo. Alipokifungua, tangi lilivuta hewa kwa mlio wa "fyuuu", na pikipiki ikawaka na kuondoka. Kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi lililoganda. Petroli ilikuwa inashuka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na kabureta inabaki na njaa. Tulikizibua kwa sindano, tukakipuliza.

Kama pikipiki yako haiwaki kabisa, kifaa hiki hukihitaji. Plagi ya kupimia yenye uwazi mpana itakufaa zaidi. Kama inamisi muda wote hata ikiwa imesimama, fundi mzuri ataipata bila hiki. Ila ile inayokata njiani na kupona mlangoni kwa fundi, sijapata kingine kinachoikamata. Changu nimekiweka kwenye boksi la spana pamoja na vijinati vyake viwili kwenye kimfuko, na ile kofia ya zamani sijaitupa. Wakija vijana kuuliza ubovu wa kuja na kuondoka ukoje, naiunganisha kwenye mita, nawasha kikaushia nywele, na wanaiona namba ikianza kupanda.