Transista ya 2N3055 niliyouziwa Lubumbashi: uzoefu wangu na pawa saplai ya kujitengenezea

Kama unajenga pawa saplai ya mezani, ile ya kupandisha na kushusha volti upendavyo, usinunue transista kwenye magazini, yaani duka, ninayotaka kuieleza hapa. Jina silitaji. Mafundi wa Lubumbashi wanaozunguka kutafuta spea wataitambua kwa habari zenyewe.

Saketi haikuwa na shida. Ni ile ya zamani, IC ya 723, chipu ya kudhibiti volti, inaongoza, transista ya 2N3055 inabeba mzigo, transfoma ya volti 24 nyuma yake. Mchoro upo kila mahali, siupotezei maneno. Maneno yangu yote ni juu ya ile 2N3055, kipande cha chuma chenye matundu mawili ya skrubu, ambacho mwenye magazini alikitoa kwenye boksi, akakiwekea multimita mbele ya macho yangu na kuniambia, "Ona mwenyewe, nzima. Ni ya orijino."

Na kweli multimita ilisema nzima. Hapo ndipo penye hasira yangu. Multimita inapima kama diodi mbili za ndani zipo, basi. Haiwezi kukuambia transista itavumilia joto kiasi gani. Transista bandia inapita kipimo hicho bila wasiwasi, inasubiri siku ya mzigo.

Siku ya mzigo ikafika. Dereva mmoja wa taksi, baba mwenye watoto, aliniletea redio ya gari lake niitengeneze. Nikaiwekea volti 12, ikawa inapiga vizuri, inakula ampea 2 hivi sauti ikipandishwa. Hesabu yake si ngumu: nyuma ya transista kuna volti 30 (zile 24 za transfoma zikigeuzwa kuwa DC hupanda), redio inachukua 12, zile 18 zilizobaki zinaangukia kwenye transista. Mara ampea 2, ni wati 36. 2N3055 ya kweli imeandikiwa wati 115. Nilikuwa nimeifunga kwenye alumini pana ya amplifaya ya zamani, na maika ya kuzuia umeme, na pasta nyeupe ya kupitisha joto kama inavyotakiwa. Alumini ilikuwa na uvuguvugu tu, kiganja kinatulia juu yake.

Ghafla mshale wa volti ukaruka mpaka mwisho. Transista ilikuwa imekufa kwa shoti, na inapokufa hivyo, volti zote 30 zinapita moja kwa moja. Ulinzi wa ampea haufanyi kitu tena, maana unaamrisha kupitia transista ileile iliyokwisha kuyeyuka. Kapasita ya mlangoni mwa redio, ya volti 16, ikapasuka, moshi ukajaa chumba. Fyuzi ikakatika baada ya redio kuisha. Nilimtazama yule baba usoni sikuwa na la kumwambia.

Nikarudi magazini. Nikamsalimu kwa heshima, "Papa, ile transista uliyonipa imeniunguzia kitu cha mtu." Hata hakuishika. "Weye njo uliunguza," akasema, na mkono akaelekeza mlangoni. Kulikuwa na wateja wengine, wote wakanigeukia kama mwizi.

Jirani wa parsela yetu, yaani kiwanja chetu, ni mzee aliyetengeneza redio tangu enzi za Zaire. Aliichukua ile transista yangu, akaibana kwenye jiliwa, akaikata kofia kwa msumeno wa chuma, polepole, huku anapuliza vumbi. Kisha akatoa 2N3055 nyingine, iliyokufa zamani, ya amplifaya ya kanisa, akaikata pia. Tukaziweka pamoja chini ya taa. Ile ya zamani ina kipande cha silikoni cha milimita nne na zaidi kila upande, kimekaa juu ya shaba. Yangu ina punje ya mtama katikati ya bati tupu, yenye doa jeusi la kuungua. Kofia ni ileile, namba ni ileile. Kampuni ya RCA ya Marekani iliitoa 2N3055 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa kuwa namba hiyo kiwanda chochote kinaweza kuitumia, yeyote mwenye wino anaigonga juu ya takataka yake.

Niseme haki: nilifikiri labda naye alidanganywa. Mzigo unapitia mikono mingi kabla ya kuvuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na muuzaji hakati kila kipande kutazama ndani. Hasira ikanipungua kabisa. Nikarudi na zile mbili zilizokatwa, nikamwonyesha. Kisha nikamwambia, "Papa, niuzie nyingine sasa hivi, nalipa bei yako, tuikate hapa hapa juu ya meza." Fedha nilikuwa nimeishika mkononi. Akachukua boksi akaliweka chini. Akasema namzuilia kazi.

Mtu asiyejua angetaka kujua. Yeye hakutaka hata kwa fedha yangu. Kwa hiyo alijua, na hapo maneno ya kumwonea huruma yamekwisha.

Lakini nisiwe mwongo. Transfoma niliinunua kwake huyohuyo, na ni transfoma nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Nzito, hailii, na siku ya kuinunua aliiwashia balbu kama mzigo bila mimi kuomba, akanisubiri nipime. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, unashuka, unapanda baada ya delestaji, ule mgao wa umeme, yenyewe inabaki baridi. Nikiharibikiwa na transfoma kesho, nadhani miguu itanipeleka palepale, na jambo hilo linaniudhi. Mtu anayejua kuuza kwa haki namna ile anashindwaje kwa kipande kidogo?

Pawa saplai yenyewe sasa ni furaha yangu. Yule mzee alinipa 2N3055 mbili za kutoa kwenye mashine za zamani, nikaziweka sambamba, kila moja na rezista yake ya omu 0.1 kwenye emita, mguu wa kutolea umeme, ili zigawane mzigo sawa. Mbele ya soketi za kutokea nimeweka zena, ya kugundua volti iliyozidi, na thairista, swichi isiyo na kitasa: volti ikizidi, thairista inapiga shoti yenyewe na fyuzi inakatika kabla kitu cha mtu hakijaungua. Usijenge bila hiyo, hata transista yako ikiwa ya kweli. Wanaosema ununue ya China iliyo tayari, sawa, lakini hii nikizungusha kitasa chake najua kila kilichomo ndani.

Redio ya yule baba nililipa mimi. Magazini haijatoa hata franka moja.

Anayekwenda kununua 2N3055 pale, amwombe akate moja mbele yake, kwa gharama ya mnunuzi. Akikubali, na ndani pakawa na silikoni ya kweli, niambieni. Nitarudi kuandika tena hapa na nitamwomba radhi.