Angelfall: malaika wa mbawa mbili za kubeba mkononi

Jamani, habari zenu. Mnaniona na blanketi mabegani, msinicheke. Ni mwezi wa saba, niko Mbeya, na Loleza hapo nyuma haijaonekana tangu asubuhi kwa ukungu. Halafu blanketi leo lina kazi, subirini.

Kitabu ni hiki, Angelfall cha Susan Ee. Kilitoka 2011, cha kwanza kati ya vitatu. Nimekiokota Mwanjelwa kwenye mtumba kwa elfu tano, jalada limekunjika hapa kwenye kona, mnaona? Ila ndani kizima.

Malaika wameshuka duniani, na hawakuja kuimba. Miji wameibomoa. Tunaingia wiki sita baadaye, California, usiku. Penryn, binti wa miaka 17, anatoroka na mdogo wake Paige kwenye kitimwendo, mama yao anasukuma toroli la dukani. Mara wanakuta malaika wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja, Raffe, anakatwa mbawa. Penryn anamrushia upanga wake, na kwa kumsaidia tu, mdogo wake ananyakuliwa na malaika mwingine anayepaa naye. Inabidi sasa amtunze Raffe, adui yake, ili ampeleke aliko Paige. Na zile mbawa zilizokatwa anazifunga kwenye nini? Haya. Blanketi.

Wengi watawaambia hiki ni kitabu cha mapenzi ya binti na malaika. Mapenzi yamo, ya kuvizia-vizia, na kwangu ndiyo sehemu dhaifu: kila baada ya kurasa chache tunakumbushwa jinsi Raffe alivyo mzuri. Tumesikia dada, tusonge mbele.

Mimi aliyenishika ni yule mama. Anaumwa akili, na tangu zamani anaongea na mashetani asiowaona mtu mwingine. Anatembea na mayai viza ya kuwafukuzia. Kwa jinsi alivyokuwa anaogopa, ndiye aliyempeleka Penryn kujifunza kupigana. Huku kwetu mama wa namna hiyo angeshazungushwa kwenye maombezi, kanisa hadi kanisa, kukemewa mapepo, na majirani wangeshampa jina. Sasa dunia imejaa viumbe wa kutisha kweli, na yeye peke yake ndiye hashangai. Mwandishi hakufanyi umcheke, wala hasemi mama alikuwa sahihi muda wote. Anakuacha umwogope na kumhurumia kwa pamoja, kama Penryn. Nilisoma kurasa zile taratibu sana.

Halafu kuna jambo litakalowagusa mliokulia Sunday school kama mimi. Gabrieli, yule yule aliyempelekea Mariamu habari, humu anapigwa risasi Yerusalemu na kufa mwanzoni kabisa mwa vita. Na Raffe anamwambia Penryn kwamba hana uhakika kama Mungu yupo. Malaika huyo! Nilifunga kitabu nikatazama ukuta. Maana yake ni kwamba jeshi zima limeteketeza dunia kwa amri ambayo askari wake hawakuisikia wenyewe, na Gabrieli aliyeileta keshakufa. Ukisoma na Mwanzo 6 pembeni, ile habari ya Wanefili, yale majitu ya siku ambazo wana wa Mungu walizaa na binti za watu, utaona mwandishi hakubuni kila kitu hewani.

Kwa nani? Kidato cha tatu kwenda juu. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, Penryn anasimulia mwenyewe. Lakini msimpe mtoto wa msingi. Kuna watu wanaoliwa, na sura za mwisho, zile za chini ya jengo walikokusanyika malaika, zina mambo wanayofanyiwa watoto ambayo mimi mtu mzima nililala na taa. Siwaharibii, nasema tu msomaji wa Ufunuo 9, penye nzige wenye mikia kama ya nge, ataitambua ile mikia.

Mama yangu ni mwanakwaya. Alipoona jalada akauliza, "Hicho cha mashetani kimefuata nini nyumbani kwangu?" Nikamsimulia yule mama wa mayai viza. Akanyamaza, akaenda jikoni.

Juzi nimekitafuta chumba kizima, nikakikuta kitandani kwake chini ya Biblia, kimewekewa alama kwa risiti ya luku, katikati. Kwa hiyo naishia hapa, mazoezi ya kwaya yanaisha saa kumi na moja na hiki inabidi nikirudishe kabla hajafika.