Sensa ya MQ-135: nilinunua tatu, mbili ndizo zinazofanya kazi

Mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi katika sekondari moja hapa Mbeya. Vijana wangu wa kidato cha tatu walitaka kupima hewa ya mjini, kuanzia Mafiati yanakopita malori ya Tunduma hadi sokoni Mwanjelwa. Nikanunua sensa tatu za MQ-135, vifaa vidogo vinavyohisi gesi na moshi hewani, shilingi 12,000 kila moja. Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa na kutoa namba, tulikuwa nayo.

Siku ya kwanza tuliumbuka. Waliichomeka shuleni, wakasoma 410 papo hapo (namba tu, haina kipimo; ikipanda ndiyo hewa chafu). Wakapanda daladala nayo ikiwa bado kwenye pawabenki, wakafika Mwanjelwa wakasoma 190. "Madamu, hewa ya shule ni chafu kuliko ya sokoni!" Nilikaribia kuamini, maana jiko letu la kuni mnalijua wenyewe. Kumbe sensa ilikuwa haijapata moto. Ndani ya kile kikofia cha wavu kuna oksidi ya bati inayopashwa joto na hita ndogo. Moshi au amonia ikiigusa, ukinzani unashuka na namba inapanda. Ikiwa bado ya baridi, inasoma inavyotaka. Maelekezo ya watengenezaji ni kuiacha kwenye umeme zaidi ya saa 24 kwanza. Niliiacha siku mbili juu ya meza yangu ofisini, wenzangu wakidhani nachaji simu.

Kero ya pili: haichagui. Amonia, moshi, spiriti, vyote inavitia kwenye namba moja. Binti mmoja alijipulizia pafyumu kabla hatujatoka, na pale Kabwe alipoishika namba ikaruka kutoka 160 hadi 300 na ushee. Tukabaki tunaikodolea macho bajaji ya watu isiyo na kosa. Tangu hapo nimepiga marufuku mambo mawili: pafyumu, na kumtangazia mtu yeyote kwamba tumepima "kaboni monoksidi" ya Mbeya. Vumbi nalo haioni kabisa. Tena baridi na unyevu vinaiyumbisha, kwa hiyo namba za asubuhi ya Juni, ukungu umetanda, huwezi kuziweka sahani moja na za saa nane mchana.

Lakini Mafiati ilinikosha. Lori lilisimama mita chache kutoka tulipokuwa, linanguruma, namba ikaanza kupanda kwenye laptopu: 170, 185, 220. Likaondoka, namba ikashuka taratibu, kama dakika mbili hivi. Watoto walinyamaza kimya. Mmoja akavuta shati akaziba pua, wakati kila siku anapita hapohapo akila mahindi ya kuchoma.

Sasa hiyo ya tatu. Sensa nzima, ukigusa kikofia chake baada ya dakika chache, utakikuta vuguvugu. Hita yake inakula kama miliampea 150. Ya kwangu ilikuwa ya baridi kama jiwe. Nikairudisha dukani siku ileile, nikajibiwa: "Madamu, vitu vya umeme havirudishwi." Risiti ninayo hadi leo. Basi ukienda kununua, beba pawabenki na waya zako, iwashe palepale kaunta, iguse, ndipo utoe hela.

Nyota tatu kati ya tano. Nitanunua sensa mbili zaidi mwezi ujao, ila duka jingine.