Titi bandia la silikoni kwenye joto la Kigoma: uzoefu wangu

Ninalotumia lina umbo la tone, gramu 450, na linakaa kwenye mfuko wa ndani wa sidiria. Kwa aliyekatwa titi na hataki kujengewa jingine kwa upasuaji, au bado anasubiri ngozi itulie baada ya mionzi ndipo ajengewe, linafaa. Ila sidiria ina kazi kubwa kuliko titi lenyewe.

Wengi huchagua jepesi wakiogopa kuchoka, kisha sidiria inapanda upande mmoja na bega nalo linainuka. Uzito ukaribiane na wa titi lililobaki. Livae, simama mbele ya kioo, inama, inua mikono yote miwili, kaa. Sidiria ikihama mahali pake, ama ni legevu ama titi si la kipimo chako. Mikanda ya begani iwe mipana, hasa kwa walioondolewa tezi za kwapani: mwembamba unakandamiza, na mkono ulio katika hatari ya kuvimba hauhitaji shinikizo jingine.

Ukikosa sidiria yenye mfuko, nunua ya pamba isiyo na waya umpelekee fundi cherehani. Mfuko ushonwe kwa kitambaa laini, hata fulana iliyochakaa; kitenge kipya hapana, kinakwaruza kovu. Mdomo ukae upande wa kwapa, na mishono isiangukie kwenye kovu.

Ninalipunguzia alama kwenye joto. Silikoni haipitishi hewa. Saa nane mchana, juu ya bodaboda ya Ujiji, jasho linajikusanya nyuma yake, na ngozi ikishinda mbichi inaota fangasi. Natanguliza kitambaa cha pamba na kukibadilisha mchana. Usiku linavuliwa. Poda siipendi, inagandamana na jasho.

Lioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa vidole, likaushwe kwa taulo na kulazwa kwenye boksi lake, mbali na jua. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, hivyo kuogelea si tatizo; mchanga unaobaki mfukoni ndio unaolikwaruza, lisuuze mara moja. Adui mkubwa ni pini ya kubania kanga. Tundu moja tu, linaanza kunata. Plasta itasaidia siku chache, halafu ni kununua jingine.

Usilianze mapema. Kwa kawaida jeraha linahitaji wiki 6 hadi 8, na aliyepigwa mionzi amwulize daktari wake kwanza. Kabla ya hapo linavaliwa la kufuma kwa uzi wa pamba, lenye pamba ya mto ndani. Mimi hadi leo nyumbani navaa hilo. Ni jepesi mno, kweli, linapanda, lakini msiongeze uzito kwa mchele kama wanavyofanya wengine: ukilowa jasho unavunda.